Siku Niliyomwacha Zubeda Mbele ya Kamera

Wanangu wa Buyenzi, nanyi wa Kamenge mnaokuja kupiga picha zenu uani kwangu, Hadija ameniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kazi ya kuigiza. Hadija mnamjua, mtoto wa binti yangu, ndiye anayewapangia kila kitu na ndiye mwenye simu nzuri kuliko zote. Aliniambia niandike ya zamani na mafundisho. Nimekubali kwa sababu kumkatalia Hadija ni kazi kubwa kuliko kuandika. Lakini naandika nikiwa na hofu, na mwandiko wenyewe utawaonyesha.

Sababu ni hii. Filamu yangu ya mwisho, ambayo sikupata kuiona hata siku moja, imepatikana. Shangazi yake Hadija aliyeko Ubelgiji ameikuta kwenye ghala la filamu za zamani, ikasafishwa, ikatiwa kwenye kompyuta, na sasa imo ndani ya kidude kisichozidi kidole, kwenye mkoba wa Hadija. Jumamosi baada ya sala ya alasiri itaonyeshwa kwenye ukumbi wa shule. Mtaa mzima umealikwa. Imamu wetu amealikwa. Watoto wangu sita watakuja na watoto wao. Mke wangu, Mama Rehema, ameshapiga pasi kitenge chake.

Ndani ya filamu ile nilimpa mke wangu talaka. Mke wangu wa kweli, huyuhuyu mwenye pasi. Nitaeleza ilikuwaje, ila mnipe nafasi kidogo nianze na kazi, maana ndiyo niliyoombwa, na pia naogopa kufika huko haraka.

Sinema niliingia kwa mlango wa gereji. Palikuwa na Mbelgiji mmoja, Musiyo Lambeti, mrefu, mwembamba, mwenye kaptura iliyomshinda ukubwa. Alitengeneza filamu fupi za kufundisha watu: chemsheni maji, chanjeni watoto, acheni pombe. Akishazitengeneza alizizungusha kwa gari, na shuka jeupe la kuonyeshea, na jenereta. Siku moja jenereta likamfia, tajiri wangu akanituma na spana. Nilipotoka chini ya lile gari, nimejaa oili hadi masikioni, Musiyo akanitazama, akasema, "Huyu ni mwizi wangu." Nikaruka, nikaapa kwamba sijagusa kitu. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kuigiza mwizi.

Nina paji pana na nyusi zilizokutana. Kwa nyusi hizo sikupata kuwa mtu mwema kwenye shuka lolote. Nilikuwa mwizi, nikawa mlevi, nikawa baba anayemficha mtoto wake chini ya kitanda ili asichanjwe. Walipoonyesha ile ya chanjo Kamenge, watu walilitupia shuka magunzi ya mahindi, na mimi niko palepale katikati yao, nimejifunika koti. Siku nyingine sokoni, lile soko kuu la Rohero kabla halijaungua, mama muuza ndizi alikumbatia kapu lake lote aliponiona.

"We, usikaribie! Ni ule mwizi wa sinema!"

"Mama, ile ni mchezo tu. Mi niko fundi wa magari."

"Fundi! Nilikuona na macho yangu ukiiba mbuzi ya mutu!"

Niliondoka bila ndizi. Lakini nawaambia kweli, nilirudi gereji natembea kifua mbele. Aliniamini.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Musiyo. Alikuwa Mzee Gaspari, mtu wa milimani aliyeshuka mjini kuuza mbao akaishia kuigiza wazee wa busara, ingawa nje ya kamera alikuwa na utani mchafu kuliko makuli wa bandarini. Yeye ndiye aliyenionyesha kuanguka: goti kwanza, kisha paja, kisha bega, kichwa kifike mwisho. Alinionyesha kofi, kwamba anayepigwa ndiye mwenye kazi, anayepiga anapunga hewa tu. Akaniambia kamera usiitazame, wala mtu unayesema naye usimkazie macho, maana utaona haya na haya itaonekana. Chagua kitu nyuma yake, ufa wa ukuta au jani, ukiambie hicho. Nimelitumia fundisho hilo maisha yangu yote, mpaka kwa wateja wa gereji.

Makosa nayo msiyasahau. Katika ile ya mlevi niliingia nyumbani asubuhi vifungo vya shati viko wazi. Tukala, tukarudi mchana kupiga kipande cha mimi nikitoka, nami nimevifunga kwa adabu. Buyenzi nzima ilicheka mwezi mzima ikiulizana nilifanya nini mle ndani. Kabla ya kuanza tena, jitazameni nguo. Na ile chupa ya bia ilikuwa na chai baridi, lakini mama yangu, Mungu amrehemu, hakuniamini hadi nilipomletea chupa yenyewe ainuse.

Ninyi na simu zenu mnarudia tukio moja mara arobaini, mkikosea mnafuta. Sisi filamu ilikuwa ghali, inatoka Ulaya, na Musiyo alikuwa na sheria: kila tukio mara mbili. Mara ya tatu aliitoa kwa shida, kama mtu anayetoa damu. Akipaza sauti "Akisyo!" unaanza, akisema "Kupe!" umekwisha, na ulichosema kimesemwa.

Basi tufike huko.

Filamu ya mwisho ilimhusu mwanamume aliyemwacha mkewe kwa kusikiliza maneno ya jirani, akabaki anajuta. Mwanamke wa hadithi aliitwa Mariamu. Alikuwa aigizwe na msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kamenge, lakini asubuhi ya kazi kaka zake walimzuia. Musiyo akashika kichwa. Buyenzi hakuna baba ambaye angemtoa binti yake akaitwe mke wa mtu mbele ya kamera. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema, "Musiyo, mke ninaye nyumbani."

Zubeda, ndiye Mama Rehema wa leo, alikuwa na mwaka mmoja wa ndoa kwangu. Baba yake alikuwa maalim, amefundisha Kurani nusu ya wanaume wa mtaa huu. Nilidhani atakataa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Bwana wa ile mwanamuke ni nani?"

"Ni mi."

"Kama ni wewe, nitakuya. Mwengine asinishike hata mukono."

Hakuna kati yetu aliyeuliza maneno yenyewe ni yapi. Niliyajua nikiwa nimeshavaa kanzu, nimesimama uani kwa shangazi yangu, kamera iko tayari. Nilipaswa kusema: "Mariamu, nimekuacha. Rudi kwenu."

Chuo cha Kurani niliacha katikati kwa ajili ya gereji, lakini jambo moja lilinikaa. Maalim huyohuyo alitufundisha kwamba ndoa na talaka hazina mzaha. Ukitamka kwa mchezo, umetamka. Nikajituliza: simwambii Zubeda, namwambia Mariamu, na Mariamu hayupo duniani. Zubeda alisimama mbele yangu na chungu cha maji, chungu cheusi chenye mistari shingoni, cha bibi yangu, ambacho kilikuwa kimeonekana tangu mwanzo wa filamu. Mara ya kwanza nikasema vizuri, "Mariamu." Jogoo wa shangazi akawika katikati ya maneno. Kupe.

Mara ya pili Musiyo alitaka hasira. Nikatia hasira. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, ukuta niliouchagua siuoni, nikajikuta namtazama Zubeda mwenyewe. Nikafungua mdomo, na naamini kwamba niliyemtaja hakuwa Mariamu.

Nasema naamini kwa sababu papo hapo chungu kilimtoka mikononi kikavunjika, maji yakaturukia miguuni, na Musiyo akaanza kurukaruka. Alisema hajaona mwigizaji kama huyu, chungu hakikuandikwa popote. Watu wake walikuwa wa milimani, jina moja na jingine kwao ni mamoja. Alitaka mara ya tatu kwa usalama, lakini chungu kingine cha namna ile hakikuwepo mji mzima. Ikabidi iwe basi. Mimi nimesimama, ulimi unawaka, nangoja mtu mmoja aseme kitu. Wao wakaanza kufagia vigae.

Kisha Zubeda akaleta vituko. Filamu ilikuwa iishe na mwanamke anaondoka na kifurushi chake, mume ameinamisha kichwa. Musiyo alipenda mwisho huo. Zubeda akakaa kwenye mkeka, akasema haondoki mpaka kiongezwe kipande mume anamrudisha mkewe, na maneno yawe kama anavyotaka yeye. Wakabishana hadi jua likaanza kuinama. Mwishowe Musiyo akakubali, na kipande hicho kikala filamu yote iliyobaki kwenye sanduku. Tangu siku hiyo namtania: staa wangu, siku moja tu kazini, amevunja chungu cha watu na kumtia Musiyo hasara. Anacheka, hanijibu.

Filamu ikapelekwa Ulaya kuoshwa. Musiyo aliifuata, akaugua hukohuko, hakurudi. Gari lake liliuzwa, nami nikarudi kwenye spana. Mambo ya sinema yakaisha hivyo kwangu.

Hofu haikuisha. Alipozaliwa Rehema nilimbeba, nikamwangalia usoni, nikajiuliza: huyu nimempata katika nini? Nikajiuliza hivyo mara sita. Mara nyingi nilikwenda kwa baba mkwe nimeshapanga maneno, nikafika mlangoni nikaishia kuulizia habari za mbuzi wake. Mzee alidhani napenda mbuzi, akanipa wawili. Kwa masheikh wengine sikwenda, kwa kuwa niliogopa jibu. Na kila mwaka uliopita uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Utamwambiaje mama wa watoto wanne, mama wa watoto sita, bibi wa wajukuu, kwamba labda si mkeo? Nilijiambia hakusikia, kishindo cha chungu kilimeza maneno. Nimeishi juu ya chungu hicho zaidi ya miaka hamsini.

Sasa Jumamosi atasikia. Na imamu atasikia, na watoto.

Jana nilijaribu kumrudisha Hadija nyuma.

"Mjukuu wangu, ile filamu ni mbaya sana. Mtakosa heshima."

"Apana, Babu. Nimeiangalia. Utafurahi."

"Na umeme? Kila alasiri unakatika."

"Tuko na jenereta."

"Jenereta inakunywa nini? Mji wote unatafuta esansi."

"Papa ameficha bidoni moja tangu wiki iliyopita. Babu, juu ya nini unaogopa? Ni sinema tu."

Nilitaka kumuuliza amesikia jina gani. Nikamuuliza bei ya bidoni ya petroli.

Nimeyaandika hayo Alhamisi. Leo ni Jumatatu, namalizia.

Umeme haukukatika. Ukumbi ulijaa, mapazia yalifungwa, wajukuu wakakaa chini mbele. Imamu alipewa kiti cha kwanza. Mama Rehema alikaa upande wangu wa kulia, ananukia udi. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kumwona Zubeda wa miaka ishirini akitoka mlangoni na chungu kichwani. Machozi yalinitoka hapohapo. Sikuwa na picha yake hata moja ya wakati ule, na nilikuwa nimeisahau ile sura.

Kisha nikajiona mimi, na nyusi zangu.

"Zubeda, nimekuacha. Rudi kwenu."

Wazi kabisa. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mjukuu mmoja akapiga kelele, "Babu amesahau jina!" Imamu hakucheka. Aligeuza shingo polepole akatutazama. Chungu kikavunjika. Nilishika ukingo wa kiti nikaomba kiti kinimeze. Sikuthubutu kuangalia kulia.

Filamu ikaendelea, mwanamke akaondoka na kifurushi. Ndipo kikaja kile kipande cha mwisho, ambacho nilikuwa nakikumbuka kama ubishi tu. Niko mlangoni kwa baba wa mwanamke, aliyeigizwa na Mzee Gaspari, na nyuma yake wamesimama wazee wawili wa mtaa. Nasema, "Zubeda, nimekurejea. Hawa ni mashahidi."

Imamu akapiga goti lake kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaanza kucheka peke yake. Wengine walipiga makofi. Mimi sikuelewa kitu.

Tulirudi kwa miguu, sisi wawili, watoto walitangulia. Magereji yalikuwa yanafungwa. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia aliposema yeye.

"Ulizania sikusikia?"

"Kile chungu kilipoanguka..."

"Hakikuanguka, nilikiachia. Musiyo alikuwa anataka mara ya tatu, na mi nilikuwa nahesabu. Ya kwanza ulimwambia Mariamu, Mariamu aende zake. Ya pili uliniambia mi. Hiyo ni moja. Zikifika tatu, hakuna kurejeana. Na ule mudomo wako, tungelifika wapi?"

Nikasimama katikati ya barabara.

"Na ile ya mwisho? Ile ya kukurejea?"

"Baba alifundisha mambo tatu, apana mbili. Ndoa, talaka, na kurejea. Zote tatu, mchezo yake ni kweli. We ulikimbilia gereji mbele ya kufika ya tatu. Nikasema, kama ameniacha na mchezo, atanirejea na mchezo, na jina yangu, na mashahidi. Kesho yake nilimuuliza Baba, nikafanya kama ni habari ya jirani. Akasema ule mwanamuke yuko kwa bwana wake, ila bwana amebakia na mbili tu, achunge mudomo."

Wanangu, sijui niwaelezeje. Mzigo wa miaka hamsini ulinidondoka pale mbele ya duka la spea. Nilicheka, nikashika ukuta, nikacheka tena. Nikamsifu Mungu kwa sauti mpaka fundi mmoja akatoa kichwa chini ya gari. Nikamwambia Zubeda hakuna mwigizaji kama yeye tangu sinema iumbwe.

Yeye hakucheka. Alikuwa amesimama ananitazama.

"Ngoja kwanza. We ulikuwa unajua ulisema jina yangu?"

"Nilikuwa naogopa kwamba nimesema."

"Tangu ile siku?"

"Tangu ile siku."

Tulipita gereji tatu.

"Basi myaka yote ile ulikuwa unalala pembeni yangu, unakula chakula yangu, unafikiri mi si muke wako. Na haukuniambia."

"Nilikuwa naogopa, Mama Rehema."

"Mi nilinyamaza juu nilikuwa nimeitengeneza. We ulinyamaza juu ya nini?"

Nilikuwa nimeihesabu hofu yangu siku baada ya siku, na sikuwahi kuuliza hata mara moja kwamba hofu hiyo ilimfanya yeye kuwa nani ndani ya nyumba yake.

Jumapili alinipakulia wali, akaweka sahani, akaondoka. Rehema alikuja akauliza kama mama anaumwa, nikamwambia muulize mwenyewe, na mama akamwambia muulize baba yako.

Leo asubuhi nilimkuta uani anachambua mchele. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu tangu alfajiri, kama Mzee Gaspari alivyonifundisha. Nikasimama vizuri, jua upande wa kushoto, nikachagua ufa kwenye ukuta nyuma ya bega lake, nikasema kwa sauti iliyotulia, "Nisamehe, Mama Rehema."

Hakuinua uso.

"Unatazama wapi?"

Macho yangu yalikuwa bado kwenye ufa.

"Apana. Sema tena. Unitazame mi, na useme jina yangu."

Nikakaa chini, goti kwanza, mbele ya ungo wake. Nikamtazama machoni. Ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, nawaambia, na hilo Mzee Gaspari alisema kweli, haya inaonekana.

"Zubeda," nikasema, na sauti ikanikatikia hapo.

Akaacha mchele, akaweka mikono juu ya magoti, akaningoja nimalize.